Kituoni Atasoma? Tuache Kujidanganya

"Tumpeleke kituoni, angalau atasoma." Kauli hii kuhusu vituo vya kulelea yatima hufunga vikao vingi vya ukoo baada ya mazishi, na ndiyo inayowafanya wafadhili watoe pesa bila kuuliza maswali. Kwa mtoto mdogo, si kweli.

Elimu haisubiri darasa la kwanza. Inaanza pale mtoto anapobwabwaja na mtu akamjibu, anapouliza "hii nini?" kwa mara ya kumi na bibi asimfokee. Lugha, usikivu na ujasiri wa kujaribu hujengeka mikononi mwa mtu yuleyule, siku baada ya siku. Kituoni walezi hupokezana zamu, na kila mmoja ana kundi zima la watoto. Hata awe na huruma kiasi gani, saa zake zinaishia kwenye kulisha, kuogesha na kufua.

Ushahidi upo. Mwaka 2000, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza utafiti jijini Bucharest, Romania, kwa watoto 136 wa vituoni, wote chini ya miaka mitatu. Kwa kura, nusu walipewa familia za malezi ya kambo. Nusu wakaendelea na malezi ya kituo. Walipopimwa akili wakiwa na miezi 54, kundi la kituoni lilipata wastani wa 73, la malezi ya kambo 81, na watoto waliokulia kwa wazazi wao 109. Waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili ndio walionufaika zaidi. Na kwa kuwa ilikuwa kura, hakuna wa kudai kwamba waliobaki walikuwa dhaifu tangu mwanzo.

Watetezi wa vituo nao wana hoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka nchi tano, zikiwamo Kenya na Tanzania, haukukuta yatima wa vituoni wenye miaka 6 hadi 12 wakiwa nyuma ya wenzao wa majumbani. Sawa, lakini hao tayari ni watoto wa umri wa shule. Wala utafiti huo haukupima nyumba hizo zingefika wapi kama zingepewa pesa zinazoendesha kituo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Watoto wengi wanaoitwa yatima vituoni wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Mara nyingi kilichowatoa nyumbani ni umaskini. Kenya ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, na Tanzania ilikuwa imeshaifuta kabla yake. Kinachobaki kumkwamisha mtoto ni sare, madaftari na chakula. Tunashindwaje kumpa bibi hayo, ilhali tunapata pesa za mabweni, wapishi na walinzi?

Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kurejesha malezi kwenye familia. Ndiyo njia sahihi. Kituo kibaki kimbilio la dharura, kwa mtoto aliyetupwa au anayeteswa, na kwa muda mfupi.

Nawe unayechangia, kabla hujatoa shilingi uliza: mtoto huyu ana ndugu gani, na wanahitaji nini ili wakae naye? Kisha wape wao.