Pombe ya Mtama Ikikosewa Kuchanganywa

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini maji yaliyozidi chunguni yaweza kupunguzwa, iwapo mpishi atalitambua kosa lake mapema. Huko Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma penye kituo cha Grande Barrière, pombe ya kimea cha mtama huitwa ikigage, na hupikwa majumbani kwa ajili ya arusi na wageni. Katika jamaa inayoishi kwa mshahara mmoja wa askari, chungu kilichoharibika ni unga, kuni na fedha zilizopotea.

Kosa la kwanza si la kipimo bali la mwiko. Maji matamu ya kimea ni mazito kuliko maji matupu. Mpishi akiongeza maji baridi bila kukoroga hadi chini, utamu hubaki chini na maji hukaa juu. Huonja ya juu, akayaona chapwa, akatia sukari. Mwishowe pombe huwa kali kuliko alivyokusudia. Rojo la kimea liuzwalo kwa makopo huko Ulaya lina tabia hiyo hiyo, na vivyo hivyo maji ya ndizi mbivu yatengenezwayo pombe iitwayo urwagwa upande wa Rwanda na kasiksi upande wa Kongo. Dawa ni kukoroga kutoka chini, kisha kuonja tena. Ikiwa chachu imekwisha kutiwa na povu limeanza, asihangaike: mchemko wa chachu wenyewe utavichanganya.

Maji yakiwa yamezidi kweli, na chachu bado haijatiwa, chungu kirudishwe motoni bila kifuniko mpaka maji yapungue. Kijiti chenye alama kitaonyesha kiasi kilichopungua. Chachu ikiwa imekwisha kutiwa, moto hautumiki tena, kwa kuwa utaiua chachu na kuufukuza ulevi. Pombe hiyo na iachwe iwe nyepesi, inywewe mapema. Wepesi si aibu.

Kosa la tatu ni la joto. Kimea kina viini vinavyougeuza wanga kuwa sukari. Hufanya kazi vema penye nyuzi 65 hivi za Selsiasi, lakini maji yachemkayo huviua, hata Gisenyi, ambako kwa sababu ya mwinuko wa karibu mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Dalili yake ni uji unaobaki mzito na usio na utamu. Sukari haitautibu. Uji uachwe upoe hadi nyuzi 65, utiwe unga mkavu wa kimea uliowekwa akiba, ukorogwe, kisha ufunikwe kwa muda wa saa moja. Ukiisha kuwa mwepesi na mtamu, uchemshwe tena. Kwa hiyo mpishi mwenye busara hamalizi kimea chake chote kwa mara moja.

Chachu nayo, ambayo Wanyarwanda huiita umusemburo, hufa ikitiwa katika maji ya moto. Chungu kisichotoa povu kisihukumiwe usiku ule ule, maana baridi ya ziwani huichelewesha chachu. Kiwekwe mahali penye uvuguvugu hadi asubuhi. Povu lisipotokea, itiwe chachu mpya iliyo hai, maji yakiwa vuguvugu tu.

Yako makosa mawili yasiyo na dawa. La kwanza ni uchafu: pombe iliyoota ukungu au kutoa harufu ya uozo imwagwe. La pili ni kuitia nguvu pombe dhaifu kwa spiriti au unga usiojulikana. Spiriti ya viwandani yaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua, wala haitambulikani kwa ladha. Chungu kilichotiwa vitu hivyo kimwagwe chote, mbali na kisima na mifugo, hata kama wageni wamekwisha kuwasili.

Mwenye nyumba atakayewaambia wageni kwamba leo pombe ni chache, na kuwapa chai, atakuwa amepoteza unga peke yake. Wageni watarudi makwao salama, na askari ataamka na macho yake mawili kwenda zamu.