Majina na Maana Yake: Dieudonné, Zawadi ya Mungu

Wazee walinena, "Jina jema hung'aa gizani." Lakini jina likiandikwa vibaya nuru yake hupungua, na mwenyewe hupata taabu. Kwa hiyo yafaa kujua asili ya majina ya wageni wanaokaa karibu nasi.

Kakuma iko kilomita kama 120 kaskazini-magharibi ya Lodwar, katika nchi ya Waturkana. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa hapo mwaka 1992, na mwaka 2016 yakaongezwa makazi ya Kalobeyei. Wengi wa wakaao humo walitoka Sudani Kusini, lakini wamo pia Wakongo na Warundi wengi, na kati yao jina la Dieudonné husikika mara kwa mara. Ni neno la Kifaransa lililoundwa kwa maneno mawili: Dieu, yaani Mungu, na donné, yaani aliyetolewa. Maana yake ni mtoto aliyetolewa na Mungu. Hutamkwa karibu na "Dyodone". Mwanamke huandikwa Dieudonnée, ila matamshi hayabadiliki.

Wengi hudhani jina hili lilizaliwa Ulaya, kumbe Afrika ililijua zamani sana. Kanisa kuu la Lodwar lina jina la Mtakatifu Augustino, naye Augustino alizaliwa Thagaste, katika nchi iitwayo sasa Algeria, mwaka 354. Mwanawe aliitwa Adeodatus, nalo kwa Kilatini ni jina lilo hilo, "aliyetolewa na Mungu". Baba na mwana walibatizwa pamoja huko Milan mwaka 387, kisha wakarudi Afrika, na kijana akafa angali mdogo.

Wafaransa walilichukua jina hili kutoka Kilatini. Lilipata sifa kubwa mwaka 1638. Mfalme Louis wa 13 na mkewe walikuwa wameoana tangu mwaka 1615, na kwa miaka 23 hawakupata mtoto wa kumrithi baba yake. Alipozaliwa mwana waliyemngoja, wakamwita Louis-Dieudonné, naye ndiye aliyetawala baadaye akawa Louis wa 14.

Katika Kongo, Rwanda na Burundi jina lilienea kwa kazi ya mapadre na shule za wakati wa Wabelgiji. Lilipokewa upesi kwa sababu wenyeji walikuwa wamezoea kumtaja Mungu katika majina yao. Hakizimana maana yake Mungu ndiye aponyaye. Uwimana ni mtu wa Mungu. Mwana wa Mrundi aliyeitwa Dieudonné alipata neno jipya kwa fikira ya kale. Na Waturkana nao huliweka tukio la uzazi katika jina: Ekiru ni mwanamume, na Akiru mwanamke, waliozaliwa wakati wa mvua. Katika nchi kavu kama ile, mvua nayo ni zawadi.

Huko Kongo jina hili liliwahi kupigwa marufuku. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliwaamuru raia waache majina ya Kizungu na kuchukua ya Kiafrika. Yeye mwenyewe alikuwa Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko. Padre aliyembatiza mtoto kwa jina la Kizungu alitishiwa kifungo cha miaka mitano. Majina ya ubatizo yalirudi hadharani mwaka 1990. Kwa hiyo Mkongo wa makamo huweza kuitwa Dieudonné nyumbani na kanisani, na jina hilo lisionekane katika hati zake za zamani. Hiyo si dalili ya udanganyifu.

Wapenda michezo watalikumbuka jina hili kwa mashindano ya Olimpiki ya Atlanta, mwaka 1996. Dieudonné Kwizera, mkimbiaji wa Burundi, alikuwa amekosa michezo iliyotangulia kwa sababu nchi yake haikuwa na kamati ya Olimpiki. Mwenzake Vénuste Niyongabo akamwachia nafasi yake katika mbio za mita 1,500, naye mwenyewe akaingia mbio za mita 5,000. Niyongabo akashinda, akimtangulia Paul Bitok wa Kenya, akaipatia Burundi nishani yake ya kwanza ya dhahabu.

Sasa shauri kwa makarani na walimu. Katika hati za Kongo jina la ukoo hutangulia, na jina la ubatizo huja mwisho. Anayedhani la kwanza ndilo la ubatizo huyapindua yote. Tena, Warundi na Wanyarwanda kwa desturi humpa kila mtoto jina lake la pili. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja huweza kuwa na majina mbalimbali kabisa, nao ni ndugu kweli. Hatimaye, iko alama ndogo juu ya herufi ya mwisho ya Dieudonné. Mashine nyingi huiacha, na karani mwingine huandika kwa sikio, "Diodone" au "Dyedone". Mtoto akiwa na herufi hizi katika cheti cha kuzaliwa na zile katika cheti cha mtihani, siku ya kuomba nafasi ya masomo au kazi ataambiwa kwamba hao ni watu wawili.

Dawa yake ni rahisi. Karani aombe hati ya kwanza, anakili herufi kwa herufi, kisha amsomee mwenye jina kabla ya kupiga muhuri. Na mzazi asione haya kusema, "Bwana, hapo pana kosa," maana kosa husahihishwa kwa urahisi siku ile ile, lakini baada ya miaka kumi huhitaji safari nyingi na fedha nyingi.