Mkuu Asiposikia, Huvunjika Guu la Nani?

Wahenga walituusia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo sisi walimu huwakaririsha wanafunzi tangu madarasa ya chini. Hata hivyo, ni nadra tukauliza swali la pili: mkuu mwenyewe asiposikia, huvunjika guu la nani? Nilijiuliza hivyo Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipoitikisa nchi, na jibu nikalipata mbali, katika historia ya Uchina.

Mnamo mwaka wa 260 kabla ya Kristo, majeshi ya dola za Qin na Zhao yalikabiliana mahali paitwapo Changping. Baada ya kushindwa mara kadhaa, Lian Po, jemadari mkongwe wa Zhao, aliamua kujifungia ndani ya ngome akingoja adui achoke. Mfalme wake akadhani huo ni woga. Majasusi wa Qin nao wakaeneza uvumi kwamba wanayemhofia ni Zhao Kuo peke yake. Mfalme akauamini uvumi huo, akamwondoa mkongwe na kumweka Zhao Kuo.

Zhao Kuo alikuwa amebobea katika vitabu vya vita, hata babake, jemadari mashuhuri, hakuweza kumshinda kwa hoja. Waziri Lin Xiangru alimwonya mfalme kwamba huyo alijua maandishi tu. Mamake pia alimwandikia mfalme, na hoja yake ndiyo iliyonigusa zaidi. Alieleza kwamba marehemu mumewe aliwagawia askari zawadi alizotuzwa, ilhali mwanawe, mara tu alipoteuliwa, aliwafanya maafisa wasithubutu kumwinulia macho, akazipeleka zawadi nyumbani na kutafuta mashamba ya kununua. Mama huyo hakuwa jemadari; aliangalia mwenendo tu. Mfalme hakusikia.

Zhao Kuo alibatilisha amri za mtangulizi wake, akatoka ngomeni kumfukuza adui aliyejifanya kukimbia. Akazingirwa. Jeshi lake lilikaa siku 46 bila chakula, naye akauawa kwa mishale. Mwanahistoria Sima Qian aliandika kwamba mamia ya maelfu ya askari waliosalimu amri waliuawa, ingawa wataalamu wa leo huitilia shaka idadi hiyo. Mfalme alibaki kitini. Jibu langu ndilo hilo: mkuu asiposikia, huvunjika kwanza guu la mdogo.

Katiba yetu ya 2010 inaagiza wananchi washirikishwe katika uongozi. Kuhusu mswada ule, walifika mbele ya kamati ya Bunge na kutoa maoni. Baadhi ya mapendekezo yaliondolewa, lakini Bunge likaupitisha mswada tarehe 25 Juni. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hangeutia sahihi. Naam, alisikia, ila baada ya vijana kuuawa barabarani. Ushauri uliotolewa bure kamatini ulisikika ulipolipiwa kwa damu.

Lakini tusiwanyoshee kidole wanasiasa pekee. Kitabu cha vita cha Sun Tzu humfundisha kiongozi kusoma dalili ndogo: ndege wakiruka ghafla, kuna waviziao, askari wakiegemea mikuki, wana njaa, wakinong'onezana vikundi vikundi, wamepoteza imani na mkubwa wao. Je, ni mwalimu yupi asiyezijua dalili kama hizo katika shule ya bweni? Chakula hurudi jikoni bila kuguswa. Mazungumzo hukatika mwalimu apitapo. Wangapi kati yetu huwaita viranja, tukawauliza kulikoni, kisha tukalivumilia jibu? Mara nyingi asemaye ukweli huitwa mchochezi, na moshi unapofuka bwenini twadai hatukuonywa.

Basi tuendelee kuifundisha methali ya wahenga, kwa kuwa ni ya kweli. Ila mwalimu anayemtaka mtoto asikie la mkuu, na aanze yeye kumsikiliza mtoto.