Tido Mhando na Msikilizaji wa Ufipa

Wako watu ambao, litajwapo jina la Tido Mhando, huisifu sauti yake, kisha hunyamaza. Husema alikuwa fundi wa kutangaza mpira katika Radio Tanzania Dar es Salaam. Husema alipanda hata akawa mkuu wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC mjini London. Nao hudhani kwamba wamekwisha kumpima. Sifa hizo ni za kweli, lakini ni kipimo cha mwimbaji, si cha mtangazaji wa mambo ya siasa. Mtangazaji wa siasa hupimwa kwa jambo jingine: msikilizaji aliye mbali kabisa na Ikulu alisikia nini kwa sababu yake, ambacho bila yeye asingalikisikia? Kwa kipimo hicho kazi ya Mhando ina miaka minne iliyo mizito kuliko yote, 2006 hata 2010, na ina neno moja la baadaye, la mwaka 2024, ambalo wamsifuo hulipita upesi.

Msikilizaji huyo wa mbali na atafutwe Ufipa. Uwanda huo umeinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Rukwa likiwa chini yake upande wa mashariki na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi. Kutoka Dar es Salaam hata Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100, na kipande cha mwisho, kutoka Tunduma, kilisubiri lami hadi zilipokuja fedha za Changamoto ya Milenia za Marekani, kwa mkataba wa 2008 hadi 2013. Gazeti la asubuhi la Dar es Salaam halikuweza kamwe kuwa gazeti la asubuhi la Laela, au Matai, au Namanyere. Redio ndiyo iliyofika siku ile ile. Basi kwa watu wa huko redio ya umma haikuwa chombo kimoja miongoni mwa vingi. Ilikuwa ndiyo gazeti, ndiyo uwanja wa mkutano, na pengine ndiyo Bunge lenyewe. Mtu wa mjini akinyimwa habari na redio, huinuka akanunua gazeti. Mtu wa Kasanga, pale bandarini ziwani, akinyimwa na redio amenyimwa.

Mhando aliitwa nyumbani mwaka 2006, katika mwaka wa kwanza wa Rais Jakaya Kikwete, akakabidhiwa taasisi ya utangazaji ya serikali ambayo baadaye ilikuja kuitwa Shirika la Utangazaji Tanzania, yaani TBC. Jina hilo jipya lilikuwa na ahadi ndani yake: kwamba chombo kitakuwa cha umma, si cha wizara. Ahadi za namna hiyo ni rahisi kuandikwa mlangoni. Ugumu ulikuja mwaka 2010, mwaka wa uchaguzi, TBC ilipoendesha kipindi cha Mchakato Majimboni, ambamo wagombea wa ubunge waliitwa mbele ya wapiga kura wao, wakaulizwa na kujibu hadharani. Hapa ndipo ilipo kazi yake kubwa. Mtangazaji wa kawaida humfuata mkubwa na kipaza sauti, akayarudia aliyoyasema. Kipindi hiki kiligeuza mwendo: mkubwa ndiye aliyetakiwa kuja penye kipaza sauti, akasimama bega kwa bega na mshindani wake, na swali likatoka kwa mwenye kura. Chama Cha Mapinduzi kikawakataza wagombea wake kushiriki midahalo. Uchaguzi ukapita mwezi wa Oktoba. Mwezi wa Desemba mkataba wa Mhando ukaisha, nao haukuongezwa.

Serikali ilikuwa na haki ya kutoongeza mkataba, nalo hilo halibishaniwi. Lakini haki ya kisheria si jibu la swali la umma, na swali la umma lilikuwa hili: kosa lilikuwa nini? Halikujibiwa. Likafuata jambo lililo zito zaidi. Mwezi wa Januari 2018, miaka saba baada ya kuondoka, Mhando alifikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, akashtakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka na kuisababishia serikali hasara ya zaidi ya shilingi milioni 880, kwa ajili ya mikataba ya siku zake TBC. Baada ya mwaka mmoja, Januari 2019, mahakama ilimwachia huru. Msomaji na aliweke hilo akilini pasipo kupunguza neno: aliachiwa huru.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya wakubwa wa Dar es Salaam, nayo hayamhusu mkulima wa Ufipa. Mkulima, wasema, hutaka kujua bei ya mbolea na siku ya mvua, si malumbano ya wagombea. Hoja hii ina sura ya huruma, lakini ndani yake mna dharau. Rukwa ni mmoja wa mikoa inayoilisha nchi mahindi. Serikali ilipopiga marufuku kuuza mahindi nje mwaka 2011, na tena mwaka 2017, bei ya gunia Sumbawanga haikuwa habari ya kilimo. Ilikuwa habari ya siasa kuliko hotuba yoyote, kwa maana mpaka wa Zambia u karibu kuliko soko la Dar es Salaam. Mkulima alitangaziwa amri. Alichohitaji kusikia ni waziri akiulizwa sababu ya amri, na mtu wa upande wa pili akimjibu waziri. Bei ya mbolea pasipo mdahalo ni tangazo tu.

Tena watu hawa hawajapata kuwa kondoo. Mwaka 2010, wakati Mpanda ingali ndani ya Mkoa wa Rukwa, jimbo la Mpanda Mjini lilimrudisha bungeni Said Arfi wa Chadema, na matokeo ya Sumbawanga Mjini yalibishaniwa hata mahakamani. Mwaka 2020, wakati upinzani uliposombwa karibu nchi nzima, jimbo la Nkasi Kaskazini, huko huko uwandani, lilimchagua Aida Khenani, nalo likawa jimbo pekee lililoipa Chadema mbunge wa kuchaguliwa. Atakayesema kwamba Wafipa hawana haja ya kusikia pande mbili na aeleze kwanza kura hizo zilitoka wapi.

Na walichokipata baada ya Mhando kuondoka ni kipi? Mwezi wa Januari 2016 Waziri Nape Nnauye aliliarifu Bunge kwamba TBC itapunguza matangazo ya moja kwa moja ya vikao, kwa sababu ya gharama. Mengi yakawa ya kurekodiwa na kuhaririwa, yarushwe usiku. Gharama ni kitu cha kweli. Lakini ni ajabu gharama hiyo kuonekana nzito katika mlango ule tu ambao mpiga kura wa mbali aliutumia kumsikia mbunge wake anasema nini, au kama anasema chochote. Chrisant Mzindakaya wa Rukwa alijulikana nchi nzima kwa yale yaliyoitwa mabomu yake bungeni. Bomu lililokwisha kuhaririwa halina mlio.

Hapa yafaa kurudi kwenye neno la 2024. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na kanuni zake za 2017 zikataka mwandishi awe na elimu isiyopungua stashahada. Mwezi wa Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, katika shauri la Baraza la Habari Tanzania na wenzake, iliamua kwamba vifungu kadha wa kadha vya sheria hiyo, pamoja na vile vinavyolazimisha ithibati, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Hata hivyo Bodi iliundwa, na mwezi wa Septemba 2024 aliyeteuliwa kuwa mwenyekiti wake ni Tido Mhando. Kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2025 Bodi hiyo ilionya kwamba asiye na kitambulisho chake asifanye kazi ya habari.

Watetezi wake hujibu kwamba afadhali mlango ulindwe na mwanahabari aliyeumia kuliko na karani asiyeijua kazi. Pengine. Lakini mlinzi mwema haubadili mlango kuwa dirisha. Kizazi cha Mhando kiliifahamu studio kwa kukaa ndani ya studio, kikisahihishwa na wakubwa wa kazi mpaka matamshi yakanyooka. Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza Makerere, akawa mhariri wa The Nationalist mwaka 1966, na hakuna aliyemwomba stashahada ya uandishi. (Ni katika urais wake, mwaka 2001, Jenerali Ulimwengu, mwanasheria kwa elimu na mwandishi mkali kwa kazi, alipoambiwa si raia, dola haikosi njia ya kumweka mwandishi nje ya mlango.) Kuisifu elimu ni jambo jema, na mwandishi aliyesoma ni bora kuliko asiyesoma, mambo mengine yakiwa sawa. Lakini sheria haikusema kwamba elimu ni bora. Ilisema kwamba asiye na karatasi akae kimya.

Na atakayekaa kimya si mtu wa Dar es Salaam, palipo na vyuo kila upande. Ni mwandishi wa wilayani, yule anayelipwa kwa kila habari itakayochapwa, anayepanda pikipiki kutoka Sumbawanga hadi Mtowisa chini ya Lyamba lya Mfipa, ili aeleze kwamba daraja limechukuliwa na maji au kwamba ghala limefungwa na mahindi ya watu yako nje. Huyo anaijua lugha ya mahali na anaaminiwa na watu wa mahali. Ada ya chuo, na miaka miwili pasipo kipato, ni kitu ambacho hawezi. Akiondolewa, habari ya Mtowisa haitaandikwa na msomi atakayetumwa kutoka mjini, kwa kuwa hakuna atakayetumwa. Haitaandikwa tu.

Mtu aliyewaleta wagombea mbele ya wapiga kura mwaka 2010, akaondoka pasipo kuelezwa sababu, alikuwa na haki kuliko mwingine yeyote ya kuikataa kazi ile, au kuipokea kwa sharti linalojulikana. Hakuikataa, na sharti, kama lilikuwapo, halikutangazwa. Bodi ingali inadaiwa maelezo, kwa Kiswahili kitakachosikika hata Kasanga, ya nini kilichoifanya hukumu ya Arusha ya 2019 isihesabiwe kuwa hukumu.