Faranga inapolala kwenye droo, faida huondoka

WAKULIMA na wafanyabiashara wadogo wa Gwarama na vijiji jirani vya mpakani wamezoea kulalamikia bei ya mahindi na maharage. Hasara nyingine, inayotokana na faranga ya Burundi, haisemwi sana, ingawa mara nyingine ndiyo inayomaliza faida yote ya msimu.

Mnunuzi kutoka ng'ambo huja na faranga mfukoni. Tuseme gunia linauzwa Sh 100,000 na siku hiyo shilingi moja ni sawa na faranga mbili. Muuzaji anapokea faranga 200,000 na kuziweka ndani akisubiri bei nzuri zaidi. Baada ya wiki mbili shilingi moja inahitaji faranga 2.2. Fedha ile ile sasa haifiki Sh 91,000, na bado mbadilishaji hajakata chake.

Huo si mfano wa kutisha watu tu. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi iliishusha faranga kutoka karibu 2,090 kwa dola hadi zaidi ya 2,800. Juni mwaka huo huo ilitangaza kuondoa noti za 5,000 na 10,000 za toleo la 2018, na wananchi wakapewa siku kumi tu kuzipeleka benki. Mwenye akaunti Bujumbura alihangaika, lakini mfanyabiashara wa upande huu asiye na akaunti huko alikuwa na tatizo kubwa zaidi. Noti zile alizozificha kwenye sanduku angempelekea nani?

Tangu hapo tofauti kati ya bei ya benki na ya mtaani nchini Burundi imekuwa kubwa. Mwaka 2025 dola mtaani iliuzwa zaidi ya mara mbili ya bei rasmi. Kwa hiyo anayepanga bei ya mzigo kwa kusikiliza redio tu anajidanganya, kwani mnunuzi wake alinunua shilingi kwa bei ya mtaani.

Kuna pia upande wa sheria. Kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinataka bidhaa na huduma nchini zitajwe bei na kulipwa kwa shilingi. Kubadilisha fedha kama biashara nako kunahitaji leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Mtu anayesimama njiani na bunda mkononi hana risiti, na zikionekana noti bandia jioni hapatikani tena. (Hodari wa kuhesabu haraka mbele ya mteja ndiye wa kuogopwa zaidi.)

Njia iliyo salama ni muuzaji kudai shilingi tangu mwanzo wa mazungumzo, ili kazi ya kubadilisha fedha ibaki kwa mnunuzi. Mwenye mzigo mzuri ana nguvu ya kufanya hivyo, hasa miezi ya njaa.

Anayevuka Mabamba kwenda kununua bidhaa Burundi naye asibadilishe fedha zote kwa mkupuo. Abadilishe za mahitaji ya siku, nyingine aziache kwenye simu au benki upande wa Tanzania, na azihesabu noti moja moja ndani ya duka. Faranga zinazobaki azimalizie kwa kununua bidhaa huko huko kabla ya kurudi, maana kila anapozigeuza tena kuwa shilingi mbadilishaji hukata mara ya pili.