Kabla Kijana wa Kompyuta Hajaaga

Ofisi za madalali wa hisa na bima zenye programu ya kuwagawia madalali wateja: msiibadilishe, msiiongezee kitu, wala msimruhusu aliyeitengeneza aondoke, mpaka kanuni zake zote ziwe zimeandikwa kwa lugha ambayo karani wa mapokezi ataisoma akaielewa.

Mtasema maelezo mnayo. Mliyo nayo ni ya kubonyeza: ingia hapa, chagua mteja, hifadhi. Hayo hata mwanafunzi wa mafunzo kazini huyang'amua kwa siku mbili. Kinachokosekana ni sababu. Kwa nini mteja wa Mwanza anapewa dalali aliyeko Dar es Salaam? Kwa nini dalali fulani hapangiwi kamwe mteja fulani? Pengine ni mashemeji, pengine wana kesi ya kiwanja, na zuio likaingizwa jioni moja baada ya bosi kupiga simu. Ndani ya programu zuio hilo ni namba 7, basi. Mgeni atakayekuja ataikuta haina maelezo, ataifuta kwa nia njema ya kusafisha, na kesho yake mteja atakabidhi fedha zake kwa hasimu wake. Hakuna king'ora kitakacholia.

Anayedhani natia chumvi aikumbuke Knight Capital ya Marekani, kampuni kubwa ya udalali wa hisa. Programu yake ilikuwa na kipande cha zamani kilichoachwa kutumika tangu 2003, lakini hakikuondolewa. Mwaka 2012 wakaweka msimbo mpya, wakautumia kwa alama ileile iliyowahi kukiwasha kile cha zamani. Kati ya seva 8, moja ilisahaulika. Hapakuwa na utaratibu wa maandishi uliomtaka mtu wa pili akague. Tarehe 1 Agosti soko likafunguliwa, kipande kilicholala kikaamka. Oda 212 za wateja zikazaa miamala zaidi ya milioni 4 kwa dakika 45, na hasara ikapita dola milioni 400. Katika kuhangaika wakauondoa msimbo mpya kwenye zile seva 7 zilizokuwa salama, nazo zikaanza kufanya uharibifu uleule. Mimi hilo ndilo linalonitisha kuliko fedha: walikuwa mafundi hodari, ila walikuwa wakitibu mgonjwa asiye na faili.

Ninyi hamtapoteza mamilioni ya dola. Mtapoteza wateja mmoja mmoja, na mmojawapo atakuja na wakili. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 na ile ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zote zinampa mtu haki fulani pale uamuzi mzito unaomhusu unapofanywa na mashine peke yake. Akiuliza kwa nini alipewa dalali yule, "mfumo ndio ulichagua" halitakuwa jibu.

Kwa hiyo wiki hii mketisheni aliyeitengeneza. Kila zuio na kila namba: nani aliomba, lini, kwa nini, na nini kitaharibika ikifutwa. (Siri za wateja zisiingie humo, andikeni "mgongano wa maslahi" na namba ya jalada, inatosha.) Kisha mpeni karatasi hizo mtu ambaye hajawahi kuigusa programu, awagawe wateja 10 kwa mkono. Pale atakapotofautiana na mashine, ama karatasi imekosea ama mashine imekosea, na ni afadhali mjue sasa hivi.

Na msimwachie kijana huyo aende kabla hajajibu swali moja ambalo karibu kila ofisi husahau kuliuliza: kama hakuna dalali anayefaa, mteja anaangukia kwa nani? Huenda mkakuta anaangukia kwa jina la kwanza kwenye orodha, na mwenye jina hilo aliacha kazi zamani.