Staa Kachuliwa Bure, Wewe Unachoma Kodi ya Nyumba!

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani, tulieni kwanza. Leo nina hasira, na nikiwa na hasira huwa naandika refu, kwa hiyo tafuteni pa kukaa.

Wiki iliyopita kuna mwigizaji mmoja, jina kapuni, kaposti video amelala kifudifudi. Mgongoni kapangiwa mawe meusi kama mtu anayejenga msingi wa nyumba, pembeni mishumaa, maua ya waridi yanaelea kwenye bakuli la maji. Chini kaandika anatoa sumu zote za mwaka mzima. Ndani ya muda mfupi komenti zimejaa: wapi hapo mamii, bei gani, na mimi nataka mgongo wangu ufanywe hivyo. Mamii kajibu wapi. Bei hajajibu mpaka leo.

Hajajibu kwa sababu haijui. Hajalipa hata mia. Dada mmoja anayefanya kazi humohumo ndani aliniambia kwamba mastaa wakija pale wanaposti, ndiyo malipo yao. Sasa hapo mimi simlaumu staa, kila mtu ana mchongo wake mjini. Ninaowalaumu ni sisi. Yule kafuata picha, kaipata, kaondoka. Wewe una bega limekaza toka mwezi wa tatu, unaenda kuagiza kilekile alichoagiza mtu aliyekuja kupigwa picha. Hivi tuko sawa kweli?

Na nisijifanye mjanja. Mimi mwenyewe nilishaingia huo mkenge. Kabla ya haya mambo ya blogu nilikuwa nashusha mizigo Kariakoo, form four nimemaliza, cheti kipo kabatini, kazi ndiyo hiyo ya mabalo na mabegi. Mgongo ukaanza kuuma upande wa kulia, huku chini karibu na kiuno. Mwaka jana nikaona posti kama hiyohiyo, ya staa mwingine, nikajikusanya nikaenda. Elfu 90. Kodi ya chumba changu mwezi mzima ni elfu 70, fanya hesabu mwenyewe.

Nikalazwa, taa hafifu, muziki wa filimbi, mafuta yananukia kama bustani, halafu yale mawe. Raha? Raha kinoma, sidanganyi. Nililala mpaka nikakoroma, dada wa watu akaniamsha kwa upole kama mtoto wa shule. Nikatoka pale najiona waziri. Kesho yake asubuhi nainama kufunga kamba za viatu, mgongo uko palepale, umenisubiri nyumbani.

Mawe hayakuwa na kosa. Joto linalegeza misuli, linaleta usingizi, na kwa mtu ambaye shida yake ni kichwa kilichojaa mawazo, pesa yake imefanya kazi. Mimi shida yangu ilikuwa msuli mmoja uliochoka kwa kubeba, na hakuna mtu mle ndani aliyeniuliza hata swali moja. Nilipewa karatasi yenye majina ya masaji kama menyu ya chipsi: chagua, lipia, vua nguo.

Wiki mbili baadaye mama mmoja mkandaji wa mtaani kwetu aliniona natembea kama nimebeba ndoo. Nikamwamkia, akaitikia, akaanza maswali papo hapo nje ya duka. Mwanangu, unainua nini kazini? Unainua kwa mgongo au kwa miguu? Maumivu yanashuka mpaka mguuni? Kuna ganzi? Mkojo unatoka kawaida? Nikacheka, mkojo na mgongo wapi na wapi! Hakucheka. Baadaye ndiyo nilielewa: mgongo ukiuma, halafu ukapata ganzi sehemu za siri au ukashindwa kuzuia haja, hiyo si ya kuchua, ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Akanichua nusu saa, mgongo peke yake, elfu 15. Polepole kwa kiwiko, akifika penye fundo anakaa hapo, anasubiri, ananiuliza kama inavumilika. Siku iliyofuata nilikuwa na maumivu kidogo kama ya mtu aliyecheza mpira baada ya miaka, kisha nikawa mwepesi. Nilipona moja kwa moja? Hapana. Alinifundisha kuchuchumaa ndipo niinue mzigo, na kutembea kila jioni badala ya kulala tu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya mgongo wa chini, Desemba 2023, masaji ilikuwemo, ila ilikuwemo pamoja na mazoezi na mtu kuelimishwa juu ya mgongo wake. Mama hajausoma mwongozo huo. Kaufanya tu.

Sasa tuyafungue haya majina, maana hapo ndipo tunapopigwa.

Ukiona Kiswidi, hiyo ni ya mafuta, mikono inateleza kwa urefu, inakandakanda, nguvu ya wastani. Ndiyo ya kuanzia kama hujawahi, au kama unachotaka ni kupumzika na kulala vizuri. Na kichekesho ni kwamba huko Sweden kwenyewe haiitwi ya Kiswidi, wanaiita masaji ya kawaida ya zamani. Aliyeipanga ile mikono yake alikuwa daktari wa Uholanzi, Johan Georg Mezger, karne ya 19. Kwa hiyo ukiongezewa hela kwa sababu eti ni ya Ulaya halisi, cheka kidogo halafu omba bei ya kawaida.

Dipu tishu ni ile niliyochuliwa na mama, ingawa mama hajui kwamba inaitwa hivyo. Inaingia ndani, polepole, viwiko na vifundo vya vidole. Ni ya msuli uliokaza sehemu maalumu: bega la mtu wa kompyuta, mgongo wa bodaboda, paja la mtu wa mpira. Usiagize mwili mzima kwa ushujaa. Kuna vijana wanaona kuumia ndiyo kupona, wanamwambia dada ongeza, ongeza, mimi mwanaume. Kesho ana alama za zambarau mgongoni na anazionyesha kama medali. Bro, hiyo ni damu imevilia chini ya ngozi. Umelipa kupigwa.

Ya Kithai wengi hawaielewi kabisa. Unavaa nguo, nguo pana za starehe, unalala kwenye godoro chini, hakuna mafuta. Unavutwa, unakunjwa, unabonyezwa, ni kama mtu anakufanyisha mazoezi wewe ukiwa umelegea. UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia wa utamaduni usioshikika mwaka 2019, si mchezo. Inamfaa mtu aliyekakamaa kwa kukaa ofisini siku nzima. Na inamfaa sana dada au kaka mwenye aibu ya kuvua nguo mbele ya mgeni, ila hakuna anayemwambia kwamba ipo.

Ya miguu ni tamu na mara nyingi ndiyo nafuu kwenye karatasi ya bei. Umesimama dukani toka asubuhi, hiyo ndiyo yako. Lakini akikuonyesha picha ya unyayo uliochorwa figo na ini, akakwambia akibonyeza hapa figo linapona, chukua raha ya miguu, hiyo ya figo mwachie. Figo ana daktari wake.

Halafu kuna huu wizi wa kutoa sumu. Wadau, kazi ya kusafisha damu inafanywa na ini na figo, usiku na mchana, bure. Hakuna mkono wala jiwe linalokamua sumu kupitia mgongoni. Na hii nyingine ya limfu, inayouzwa mjini kama ya kuondoa kitambi kwa siku kumi! Ile ilibuniwa na Emil Vodder na mkewe Estrid miaka ya 1930, ni ya mguso mwepesi kabisa, na leo inawasaidia watu kama akina mama waliovimba mkono baada ya kutibiwa saratani ya matiti. Ni kitu cha maana kabisa. Wewe unaenda kukamuliwa tumbo kwa nguvu ukaambiwa ni hiyo. Kitambi kiko palepale, pesa ndiyo imepungua uzito.

Kuna mdau najua atakuja hapa chini kusema mtaani ni uchafu, ni ushamba, bora spa. Taulo safi na mikono iliyonawa ni haki yako popote, hapo sibishani. Ila ushamba? Pwani yetu watu wamekandwa kabla spa haijajulikana. Mzazi akitoka kujifungua kuna bibi anamkanda, bi harusi anasuguliwa singo mpaka ngozi inang'aa. Dada huyohuyo anakimbia mkono wa bibi yake, halafu anaenda kulipa laki kusuguliwa nazi na karafuu kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Na mtaani nako kuna mambo ya hovyo, siwezi kuficha. Mtu kaanguka na pikipiki, mguu umepinda, ndugu wanamwita mchuaji aurudishe. Mfupa uliovunjika hauchuliwi! Kuna wanaomkandamiza mjamzito tumbo eti kumgeuza mtoto. Na kuna watu wana homa, wana majipu, wanakunywa dawa za kuyeyusha damu, wanalala tu kifudifudi bila kusema neno. Sema. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi asiwekewe mawe ya moto, ataungua na hatajua mpaka aone malengelenge.

Hasira yangu yote inatoka hapa ninapofika sasa.

Nina mshikaji, tumesoma wote. Mwaka huu alipanda basi kutoka Mwanza, siku nzima amekunja miguu siti ya nyuma. Siku mbili baadaye kigimbi cha kushoto kikavimba, mguu mmoja tu, kimoto ukigusa, kinauma akitembea. Akaona ni uchovu wa safari. Kwanza alipiga simu sehemu moja kubwa, ya mishumaa na mastaa. Wakamwambia njoo, tuna ofa ya dipu tishu ya miguu wiki hii. Bila swali. Hakuwa na hela ya kutosha, hiyo ndiyo pona yake. Nikampeleka kwa mama.

Mama akaushika mguu ule kwa nyuma ya kiganja, akaulinganisha na mwingine, akauachia. Mwanangu, huu mimi sichui. Nenda hospitali sasa hivi, na usimwache mtu yeyote akausugua. Tukamwambia mama sisi hela tunayo, elfu 20 hii hapa. Akakasirika kabisa, akatuitia bajaji yeye mwenyewe.

Hospitali walimpima wakakuta damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Daktari alimwambia lile bonge likisogea linaweza kwenda kukaa kwenye mapafu, na kusugua ni moja ya vitu vinavyoweza kulisogeza. Alianzishiwa dawa. Yuko hai, juzi kanikopa hela, kwa hiyo ni mzima.

Yule mama hana ukurasa wa Insta. Ana kitanda kimoja, mkeka, mafuta ya nazi kwenye chupa ya maji. Na ndiye huyuhuyu ambaye wanaume wa mtaa, watu wazima wenye ndoa zao, wanapita wanamuuliza kwa kukonyeza kama ana huduma ya ziada. Binti yake alijifunza kazi, alifanya miezi minne akaacha kwa sababu hiyo. Kila mteja wa pili mkono unatangatanga. Ukitaka mambo yako nenda unakojua, ila yule aliyekuja na taulo na elimu yake mwache afanye kazi. Kisha mnalalamika eti wachuaji wazuri hawapatikani.

Kwa hiyo kama una elfu 15 au 20 na una sehemu moja inayouma, tafuta mtu wa nusu saa, sehemu hiyo tu, akuulize maswali kwanza. Huna kinachouma, umechoka akili na una hela? Kachukue saa nzima ya Kiswidi au mawe, lala, koroma, ni pesa yako na raha si dhambi. Kama huna hata hiyo, taulo lililoloweshwa maji ya moto na ndugu mwenye subira vinatosha kwa bega lililochoka. Kabla hujalipa popote, ngoja uone kama utaulizwa chochote kuhusu mwili wako. Ukiona swali la kwanza ni unalipa taslimu au kwa simu, rudisha viatu mguuni.

Na wewe mamii wa mawe, najua unasoma hapa maana huwa unaniblok na kuniondolea blok. Watu bado wanakuuliza bei.

Waliowahi kuumizwa wakichuliwa, au wenye mchuaji anayeuliza maswali kabla ya kugusa, mwageni stori hapo chini, mtaje na maeneo. Mwenye namba ya mama yangu haitoi, ana foleni tayari.